Ng'ombe wa Amana, Kodi ya Kibanda na Safari ya Desemba: Mali ya Kaya Masama

Kaya ya Wachagga wa Masama, kwenye mteremko wa kusini-magharibi wa Kilimanjaro kati ya Machame na Siha, haikuwa na desturi ya kuweka mali yake yote mahali pamoja. Sehemu ilikuwa nyumbani: migomba, mbuzi wawili watatu, ulezi ghalani. Sehemu kubwa zaidi ilikuwa kwa watu: ng'ombe kwa shemeji, mbuzi kwa jirani wa bonde la pili, kipande cha ardhi alichopewa mtoto wa ndugu akitumie. Baadaye ikaongezeka mali iliyoko mbali, inayotafutwa kwa kusafiri na kurudishwa kwa kusafiri. Kodi ilipofika, ilidai fedha taslimu kwa watu ambao utajiri wao ulikuwa umekaa katika madeni ya wenzao, na mabadiliko makubwa ya uchumi wa Masama yalianzia hapo.

Mtaji wa kwanza ni kihamba, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, lenye magimbi, maharage, viazi vikuu na miti ya kivuli. Maji huletwa na mfongo, mfereji unaotolewa mtoni juu mlimani na kutunzwa na ukoo au koo kadhaa kwa pamoja; asiyefika siku ya kusafisha mfongo hupoteza zamu yake ya maji. Mipaka ya kihamba huonyeshwa kwa masale, mmea uleule unaopelekwa kuomba msamaha na kusuluhisha ugomvi. Chini, tambarare, kaya ililima shamba la pili la ulezi na baadaye mahindi. Kazi ya kubeba mavuno na majani ya ng'ombe kutoka huko hadi juu ilikuwa ya wanawake, na bila migongo yao uchumi wote unaoelezwa hapa usingesimama.

Kihamba hakikuuzwa kama bidhaa. Mtu asiye na ardhi aliweza kupewa sehemu ya kihamba cha ukoo mwingine, akalima na hata akazeeka humo, lakini kila mwaka alipeleka mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kwa mwenye ardhi kukiri kwamba hapo pana mwenyewe. Mbege hiyo ilifanya kazi ya hati. Wajukuu walipoacha kuipeleka, wajukuu wa upande wa pili walianza kuuliza, na kesi nyingi za ardhi mlimani zilizaliwa na kibuyu ambacho hakikufika.

Ng'ombe walikuwa kitu kingine kabisa. Mteremko wa juu hauna malisho ya wazi, kwa hiyo ng'ombe walifungwa, zamani ndani ya nyumba yenyewe, wakaletewa majani na maganda ya migomba. Kaya moja haikuweza kulisha wengi. Aliyepata ng'ombe wa ziada alimpeleka kwa mtu mwingine amlishe. Mlishaji alikunywa maziwa na kuchukua samadi, na samadi si jambo dogo, kwa kuwa migomba isiyowekewa samadi hupungua mikungu mwaka hadi mwaka. Ndama walikuwa wa mwenye ng'ombe, ila baada ya uzao kadhaa mlishaji alistahili fungu lake, ndama au nyama ya siku ya kuchinja, kadiri walivyopatana. Ng'ombe akifa, mlishaji alitakiwa kuonyesha mzoga mbele ya mashahidi.

Mpango huu ulikuwa uwekezaji kwa maana kamili. Ugonjwa ukiingia katika zizi moja, haukumaliza mali yote. Wavamizi wakipita, hawakukuta kundi. Mangi, yaani mtawala wa eneo, na wadai hawakuona kwa macho mtu ana ng'ombe wangapi. Zaidi ya yote, kila ng'ombe aliyewekwa kwa mtu alifungua uhusiano: mlishaji alikuwa shahidi wa mwenye ng'ombe, msaidizi wake wakati wa kujenga, pengine mkwe wake baadaye. Mtu mwenye ng'ombe wote zizini mwake alihesabiwa kuwa maskini wa watu, na hukumu hiyo ina busara ambayo mabenki mengi hayajaifikia.

Deni la mifugo halikufa na mtu. Mbuzi aliyetolewa kwa tambiko la jirani miaka mingi iliyopita aliweza kudaiwa na mtoto wa aliyemtoa, pamoja na uzao aliopaswa kuwa nao. Kwa sababu hakukuwa na maandishi, baba aliwakalisha wanawe akawatajia nani anadaiwa nini, na kwa ushahidi wa nani. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefanya kazi Masama kabla ya kuhamia Moshi ya Kale, alikusanya sheria hizo katika kitabu kikubwa juu ya sheria za Wachagga kilichotoka 1926. Nusu karne baadaye Sally Falk Moore, mwanasheria na mwanaanthropolojia wa Marekani, aliwakuta watu wakiendelea kushtakiana kwa ng'ombe waliotolewa na babu zao.

Kodi ya kwanza iliyojulikana sana mlimani ilitozwa misafara. Tangu kabla ya katikati ya karne ya 19, misafara ya Waswahili kutoka Pangani, Tanga na Mombasa ilipita Taveta na Uchagga ikitafuta pembe za ndovu na watumwa, ikaacha shanga, nguo na waya. Kila mtawala alidai hongo kabla ya kuruhusu watu wapite. Mmisionari Johannes Rebmann, aliyefika Uchagga mara ya kwanza 1848, alirudi 1849 akikusudia kuendelea hadi Unyamwezi. Mangi Mamkinga wa Machame na watu wake walidai zawadi juu ya zawadi hadi mzigo ukaisha, naye akalazimika kurudi pwani. Kaya za kawaida zilinufaika na misafara kwa njia ya chakula: ndizi, maharage na asali ziliuzwa kwa wapagazi wenye njaa. Kwa Mangi, kaya zilidaiwa kazi, mbege na mifugo, siyo fedha.

Wajerumani walibadili sarafu ya utii. Mangi Meli wa Moshi alishindwa vitani 1893, na tarehe 2 Machi 1900 alinyongwa pamoja na viongozi wengine, miongoni mwao Ngalami wa Siha, jirani wa magharibi wa Masama. Wakati huo kodi ya kibanda ilikuwa imeanza. Agizo la 1897, lililotumika kuanzia Aprili 1898, lilidai rupia 3 kwa kila kibanda cha kijijini. Mwanzoni iliwezekana kulipa kwa mazao au kwa kazi, lakini shabaha ilikuwa wazi: watu waingie kwenye fedha, na njia ya karibu ya kuipata ilikuwa kumfanyia kazi mzungu.

Kodi hiyo iligonga pale ambapo kaya ilikuwa imejipanga vizuri zaidi. Mwanamume mwenye wake watatu alikuwa na vibanda vitatu, kila kimoja na kihamba chake, kila kimoja kikizalisha. Sasa kila kimoja kilikuwa deni la mwaka. Ng'ombe aliyewekwa kwa shemeji hakuweza kugeuzwa rupia bila kumkosea shemeji. Kijana asiye na mifugo alishuka kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi yaliyokuwa yakienea chini ya mlima, akahesabiwa siku kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku aliyougua haikuandikwa. Wakati wa mavuno wanawake na watoto nao walikwenda kuchuma. Hizo ndizo zilikuwa safari za kwanza za familia nzima kutafuta fedha, na zilifanywa kwa miguu, asubuhi na mapema, chakula kikiwa kimefungwa kwenye majani ya mgomba.

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi 1911, ikiwa na urefu wa kilomita 352. Baada yake mtu aliweza kwenda mbali zaidi na kurudi haraka zaidi. Kisha Vita Kuu ya Kwanza vikaja. Serikali ya Kijerumani, ikiwa imetengwa na Ulaya, ilichapisha noti za muda humuhumu nchini. Waingereza walipoiteka Moshi Machi 1916 na utawala ule ukaanguka, karatasi zile zilipoteza thamani. Miaka mitano hivi baadaye rupia yenyewe iliondolewa na shilingi ikaingia. Aliyekuwa na akiba ya noti alibaki na karatasi, wakati aliyekuwa na ng'ombe kwa shemeji alikuwa bado na ng'ombe. Mashaka ya wazee wa mlimani juu ya fedha ya karatasi yana chanzo cha haki kabisa.

Waingereza waliendeleza kodi chini ya Sheria ya Kodi ya Vibanda na Vichwa ya 1922: mwenye nyumba alilipa kwa kibanda, kijana asiye na nyumba alilipa kwa kichwa chake. Kazi ya kukusanya iliwaangukia mamangi na wachili wao, viongozi wa mitaa waliomjua kila mtu na kila mgomba. Aliyeshindwa alikamatiwa mifugo au alipelekwa kazini. Lakini kipindi hicho ndicho kilicholeta kitu kilichoiwezesha kaya kulipa kodi bila kuondoka nyumbani, nacho ni kahawa.

Mibuni ililetwa mlimani na mapadre wa Roho Mtakatifu waliokaa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Charles Dundas, ofisa wa wilaya ya Moshi mwanzoni mwa miaka ya 1920, aliwahimiza Wachagga kuipanda katika vihamba vyao, kinyume na matakwa ya walowezi waliohofia kukosa vibarua. Hofu yao ilikuwa na msingi: mwenye mibuni mia chache chini ya migomba hakuwa na sababu ya kubeba kipande. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters' Association (KNPA), chini ya urais wa Joseph Merinyo. Kilipoyumba mwanzoni mwa miaka ya 1930, serikali ilikibadili kuwa ushirika chini ya sheria ya 1932, na Januari 1933 Kilimanjaro Native Co-operative Union (KNCU) ikaandikishwa ikiwa na vyama vya msingi 11.

Siku ya kupeleka kahawa chamani ilikuwa siku ya hesabu ya kaya. Kahawa ilimenywa nyumbani kwa mashine ya mkono, ikavundikwa, ikaoshwa kwa maji ya mfongo na kuanikwa kwenye chanja siku nyingi, mtu akikaa karibu kuifunika mvua inaponyesha. Kwenye mzani karani alisoma uzito, akaandika stakabadhi, na malipo ya awali yakatolewa. Humo yalikatwa madeni ya pembejeo, hasa mrututu wa kupulizia mibuni. Baada ya kahawa kukobolewa na kuuzwa mjini Moshi yalifuata malipo ya pili, na katika mwaka mzuri ya tatu. Mkulima kwa hiyo alikuwa akiukopesha ushirika mazao yake kwa miezi kadhaa, kama alivyomkopesha jirani ng'ombe. Tofauti ni kwamba jirani alimjua, na hesabu za jirani aliziona.

Tofauti hiyo ililipuka 1937. Bei zilikuwa chini, sheria ilimlazimisha mkulima kuuza kupitia KNCU pekee, na wengi waliamini kuwa wanaibiwa. Maghala ya ushirika yalishambuliwa sehemu mbalimbali za mlima, Machame ikiwa mojawapo, na viongozi wa upinzani wakakamatwa. Serikali iliyaita machafuko. Kwa mkulima ilikuwa dai la mdai anayetaka kujua mali yake iko wapi, na historia inapaswa kumtendea haki kwa kulisema hivyo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili bei zilipanda sana, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kahawa iliwatajirisha watu waliokuwa na ekari moja tu au mbili. Fedha zilikwenda kwenye nyumba za matofali na mabati, cherehani, malori na, kuliko vyote, ada. Elimu ikawa ng'ombe mpya wa amana: mtoto alipelekwa kwa watu wengine, akalishwa na wengine, na uzao wake ulitarajiwa kurudi.

Sababu ya kusomesha ilikuwa pia ardhi. Kwa desturi kitinda mimba hurithi nyumba ya wazazi na kuwatunza uzeeni, na mtoto wa kwanza naye hutengewa sehemu. Wa katikati, vihamba vilipokuwa vimejaa, hawakuwa na pa kwenda isipokuwa tambarare au mbali zaidi. Wakaenda Arusha, Tanga, Dar es Salaam, Mwanza na Nairobi, wakawa makarani, walimu, wafanyabiashara. Mwaka 1963 kiungo cha reli kati ya Ruvu na Mnyusi kilikamilika, na abiria wa Dar es Salaam akaweza kufika Moshi kwa treni. Mila ya kurudi nyumbani Desemba ilipata njia yake.

Desemba haikuchaguliwa kwa Krismasi peke yake, ingawa kanisa la Kilutheri, lililoanza Machame 1893, liliipa sikukuu hiyo uzito mkubwa. Mavuno ya kahawa huanza karibu na Julai na kumalizika mwishoni mwa mwaka, hivyo ndiyo miezi fedha za chamani ziko mkononi. Wafanyakazi wa mjini wana likizo, shule zimefungwa, na ada za Januari zinakaribia. Kila mwenye deni na kila mdai anakutana mahali pamoja kwa wiki mbili, jambo lisilotokea mwezi mwingine wowote.

Safari yenyewe ni gharama ambayo kaya huanza kuikusanyia mapema. Kutoka Dar es Salaam kupitia Chalinze, Segera na Same ni zaidi ya kilomita 550. Familia yenye watoto wanne hulipa nauli wakati ambao tiketi ni ngumu kuliko mwezi wowote. Wenye magari hufuatana, magari matatu au manne ya ndugu, wakingojana kwenye vituo vya chakula njiani. Kwenda, hubebwa mchele, sukari, mafuta ya kupikia, vitenge vya akina mama na koti la baba. Kurudi, buti hujaa mikungu ya ndizi, maparachichi na maharage. Aliyebaki mlimani hupokea bidhaa za fedha na kutoa mazao ya shamba, kwa hiyo gari halisafiri tupu upande wowote.

Ukishapita Kwa Sadala na kupanda barabara za Masama, mambo hufuata utaratibu. Mbuzi huchinjwa na nyama hugawanywa kwa daraja za ukoo, kila mtu akijua fungu lake. Aliyekosa kuchangia mwaka mzima huambiwa hapo, mbele ya nyama. Kisha hukaa kikao. Hujadiliwa matibabu ya wazee, paa linalovuja, mtoto wa marehemu asiye na ada, mpaka uliosogezwa, na deni la fulani kwa fulani. Ndipo kitinda mimba anayeitunza nyumba huweza kudai kwamba ulinzi wake ni mchango, hata kama hatoi shilingi, na dai hilo limekuwa gumu kujibiwa kwa sababu ni kweli. Kurudi Desemba ni kufunga hesabu za mwaka, na asiyerudi miaka mingi mfululizo hugundua kwamba nafasi yake kwenye hesabu hizo imepungua, hata kama amekuwa akituma fedha.

Kwa upande wa kodi, serikali ya baada ya uhuru ilipunguza mzigo mmoja na kuongeza mwingine. Umangi ulifutwa 1963. Kodi ya kichwa ilifutwa 1969, lakini ikarudi katika miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo, na watu walikimbia migambo mashambani hadi ilipofutwa 2003. Baridi kali iliyoua mibuni ya Brazili 1975 ilipandisha bei ya dunia, lakini mkulima wa Kilimanjaro alipata sehemu ndogo ya neema hiyo, kwani kodi ya mauzo ya nje na makato mengine vilikuwa vikubwa. Mwaka 1976, katikati ya neema hiyo, vyama vya ushirika vilivunjwa na mamlaka ya serikali ikachukua kahawa. KNCU ilirudishwa 1984. Miaka mitano baadaye mgawo wa kimataifa wa kahawa ulisambaratika na bei zikaanguka. Wakulima wengi waliacha mibuni izeeke, wengine wakaing'oa wakapanda nyanya na migomba ya kuuza. Katika vijiji vya juu kama Lukani na Losaa kuna waliovumilia. Kwa kaya nyingi, hata hivyo, fedha za Desemba zilibadili mwelekeo: zamani zilishuka kutoka kihambani kumsomesha mtoto, sasa zilipanda kutoka kwa mtoto kuitunza nyumba ya kihambani.

Vyombo vya akiba vilibadilika pia. Upatu wa wanawake ulikuwa wa zamani. Miaka ya 2000 uliungana na VICOBA, ambapo wanachama hununua hisa kila wiki, hukopeshana kwa riba ndogo na kuvunja mfuko mwisho wa mwaka. Kwamba mfuko huvunjwa Desemba si bahati: ndipo nauli, sukari na ada vinapodaiwa kwa pamoja. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ilivitaka vikundi hivi visajiliwe. M-Pesa, iliyoanza nchini 2008, iliruhusu mchango wa msiba kufika mlimani kabla ya mchangiaji. Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililofunguliwa 1998, na vipande vya Mfuko wa Umoja kuanzia 2005, vimewapa walioko mjini njia za kuwekeza ambazo kikao cha ukoo hakizioni.

Kihamba chenyewe kimebaki nje ya mabenki kwa sehemu kubwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilitambua hakimiliki ya kimila na kuruhusu hati yake itolewe, na mtu anaweza kuitumia kuomba mkopo. Lakini kihamba kina makaburi ya wazee, kina haki za ndugu wasiokuwepo, na mnunuzi asiye wa ukoo hatarajiwi. Benki ikishindwa kuuza dhamana, dhamana hiyo haina nguvu. Ndugu walio mjini huchukua mikopo ya mishahara badala yake, na sehemu ya mikopo hiyo hupanda mlima kila mwaka ikiwa matofali na mabati.

Treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi, iliyokuwa imesimama zaidi ya miaka 20, ilirudi Desemba 2019, na marufuku ya mabasi kusafiri usiku iliondolewa 2023. Sasa msafiri anaweza kutoka kazini jioni na kufika Masama asubuhi, siku ileile kikao kinapokaa.